"Reli ya Kisasa" au Reli ya Upana Gani? Uhakiki wa Istilahi za Mjadala wa Reli katika Ukanda wa Busia na Tororo

Ikisiri

Makala hii inahakiki istilahi zinazotumiwa katika mjadala wa upanuzi wa reli katika ukanda wa mpakani wa Busia na Tororo. Hoja yake kuu ni kwamba jina "reli ya kisasa" hutoa hukumu kabla mjadala haujaanza, na hufunika maswali matatu ambayo mkazi wa mpakani anahitaji majibu yake: reli ina upana gani, inavutwa kwa nishati gani, na inasimama wapi. Kwa kulinganisha jina hilo na majina ya vyombo vya usafiri yaliyobuniwa na watumiaji wenyewe, na kwa kuchunguza lugha ya fidia katika katiba za Uganda na Kenya, makala inaonyesha kwamba uchaguzi wa istilahi una athari katika mipango ya miji na katika haki za wenye ardhi. Mwishoni inapendekeza istilahi zinazotaja sifa zinazopimika.

1.0 Utangulizi

Mwaka 2013 viongozi wa Kenya, Uganda na Rwanda walikubaliana kujenga reli mpya kutoka Mombasa kuelekea maziwa makuu. Tangu hapo reli hiyo imejadiliwa bungeni, mahakamani, katika vyombo vya habari na katika mikutano ya vijiji. Wachumi wameuliza kama mikopo yake italipika, na wahandisi wamejadili miinuko na madaraja. Lugha ya mjadala wenyewe imeangaliwa kidogo zaidi, ingawa ndiyo inayomwezesha mwananchi kuingia katika mjadala au kubaki nje yake.

Ukanda wa Busia na Tororo ni mahali pazuri pa kulifanyia kazi suala hili. Humo Kisamia, Ateso, Kidhopadhola na Kiswahili hutumika katika soko moja, huku nyaraka za miradi zikiandikwa kwa Kiingereza. Kwa upande wa Kenya, Kiswahili ni lugha ya taifa na lugha rasmi kwa mujibu wa Katiba ya mwaka 2010. Kwa upande wa Uganda, marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliazimia kitekelezwe kama lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima shuleni. Lugha iliyopewa hadhi hiyo inapaswa kuwa na uwezo wa kusema jambo zito kama reli kwa usahihi. Je, istilahi zilizopo zinaiwezesha?

Uhakiki huu unatumia misingi miwili. Wa kwanza ni mtazamo wa uchanganuzi hakiki wa usemi, unaohusishwa na Norman Fairclough, kwamba msamiati wa hadharani hubeba msimamo wa aliyeubuni hata pale unapoonekana hauna upande. Wa pili ni vigezo vya uundaji istilahi vilivyoenezwa na mwanaistilahi wa Uganda, Kiingi, ambavyo miongoni mwake ni usahihi, uangavu, uwekevu na kukubalika.

2.0 Ukanda na Reli Zake

Historia ya reli katika eneo hili ni historia ya majina yasiyolingana na mahali. Ujenzi wa Reli ya Uganda ulianza Mombasa mwaka 1896, na reli ikafika Kisumu mwaka 1901. Wakati huo Kisumu ilikuwa ndani ya mipaka ya Uganda. Mwaka uliofuata eneo hilo lilihamishiwa upande wa pili, na reli yenye jina la Uganda ikawa inaishia nje ya Uganda. Njia iliyopanda Eldoret na kuvukia Malaba hadi Tororo ilikuja mwishoni mwa miaka ya 1920, na Kampala ikafikiwa mwaka 1931. Reli hiyo ilipewa jina la mahali ilikokusudiwa kwenda. Watu wa maeneo iliyokatiza hawakuwamo katika jina lake.

Tororo ilipata umuhimu wake kutokana na mpango huo. Hapo ndipo njia ya Kampala, inayopita Nagongera, inapoachana na njia ya Soroti, Lira, Gulu na Pakwach. Busia haikupata reli. Mji huo, uliogawanywa na mpaka ukawa na manispaa mbili zenye jina moja, ulikua kwa barabara: kwa malori, mabasi, baiskeli na biashara ndogondogo za kuvuka mpaka. Kituo cha pamoja cha forodha kilichozinduliwa mwaka 2018 kilithibitisha hali hiyo. Basi katika umbali mfupi tu kuna mji wa reli na mji wa barabara, na Chuo Kikuu cha Busitema kiko katikati yake, kando ya barabara kuu ya kutoka Jinja.

Reli mpya inaukuta ukanda huu katika hali hiyo. Kenya ilifungua kipande cha Mombasa na Nairobi mwaka 2017, na kipande kilichofuata, kilichoanza kutumika mwaka 2019, kiliishia karibu na Naivasha. Uganda iliachana na mkandarasi wa kwanza, na Oktoba 2024 ikatia saini mkataba na kampuni ya Yapi Merkezi ya Uturuki kujenga kilomita 272 kati ya Malaba na Kampala kwa takriban yuro bilioni 2.7. Pamoja na hayo, reli ya kale ya Tororo hadi Gulu iliingizwa katika mpango wa kukarabatiwa kwa upana wake uleule. Mipango hii ikikamilika, Tororo itakuwa mahali ambapo reli za aina mbili zinakutana.

3.0 Majina Yaliyotoka kwa Watumiaji

Kabla ya kulihakiki jina "reli ya kisasa", inafaa kutazama jinsi wasemaji wa Kiswahili wamezoea kuvipa majina vyombo vya usafiri. Neno "boda boda", ambalo leo linajulikana kote Afrika Mashariki, linaelezwa na wengi kuwa lilizaliwa Busia, ambako waendesha baiskeli waliwabeba abiria katika kipande kilicho kati ya kituo kimoja cha mpaka na kingine. Jina lilisema chombo kinakwenda wapi. "Matatu" lilisema nauli yake, yaani mapeni matatu. "Daladala" nalo lilitokana na dala, sarafu ya shilingi tano. "Garimoshi" lilisema kile ambacho kila aliyesimama kando ya njia alikiona. Dar es Salaam, mabasi yaliyopewa jina rasmi la Mabasi Yaendayo Haraka yalifupishwa na abiria yakawa "mwendokasi". Treni ya mjini iliyoanza mwaka 2012 waliiita "treni ya Mwakyembe", kwa jina la waziri aliyeisimamia, kana kwamba wanaweka kumbukumbu ya nani aulizwe ikikwama.

Majina haya yote yanajibu swali la mtumiaji: kinakwenda wapi, kinatoza kiasi gani, kinavutwa na nini, kina kasi gani, nani anawajibika nacho. Kwa vigezo vya istilahi yana uangavu, na yalikubalika bila kuhitaji semina. Ukanda wa Busia, uliolipatia eneo zima neno la usafiri, hauna upungufu wa uwezo wa kutaja mambo. Ukipokea jina lisilojibu swali lolote, kasoro ni ya jina.

4.0 Uhakiki wa "Kisasa" na "Kiwango"

4.1 Umri wa upana

"Reli ya kisasa" hutumiwa kuitaja reli yenye upana wa milimita 1,435 kati ya chuma kimoja na kingine. Mwenzake, wenye upana wa milimita 1,000, huitwa "reli ya zamani". Kihistoria majina haya yamepinduliwa. Upana wa milimita 1,435 ulikwishatumika Uingereza katika miaka ya 1830, na mwaka 1846 Bunge la nchi hiyo likauweka kuwa upana wa kisheria kwa reli mpya za abiria. Upana wa mita moja uliletwa Afrika Mashariki nusu karne baadaye. Kwa hiyo upana unaoitwa wa kisasa ndio mkongwe kati ya hizi mbili. Kilicho kipya ni vyuma, mataruma, madaraja, ishara na vichwa vya treni, na hivyo vyote vinaweza kufanywa vipya juu ya upana wowote.

Hili ni jambo la mipango. Mwananchi akiambiwa achague kati ya cha kisasa na cha zamani, hana cha kuchagua. Nani atasimama katika mkutano wa Malaba au Nagongera atetee uzamani? Jina limeshajibu swali ambalo mkutano uliitishwa kulijadili, na mwenye kutaka kuuliza kama ukarabati wa njia iliyopo ungetosha anaonekana adui wa maendeleo kabla hajamaliza sentensi yake.

4.2 Kiwango si upana

Tanzania jina hilo mara nyingi hurefushwa kuwa "reli ya kisasa ya kiwango cha kimataifa". Asili yake ni jina la Kiingereza lenye maneno mawili: moja linamaanisha kilichokubaliwa na wengi kuwa cha kawaida, na jingine linamaanisha kipimo cha upana. Katika tafsiri, neno la upana limedondoka, na ukawaida umegeuka kuwa ubora, kwa kuwa "kiwango cha kimataifa" kwa msikilizaji wa Kiswahili ni daraja la sifa, kama hoteli au uwanja wa mpira wa kiwango cha kimataifa. Istilahi iliyopaswa kusema "reli yenye upana uliozoeleka duniani" imekuwa tangazo la ubora. Kwa kigezo cha usahihi, hapa istilahi imeshindwa.

Kilichodondoka ndicho kinachoamua maisha ya mji wa mpakani. Tofauti ya milimita 435 ina maana kwamba behewa la reli moja haliwezi kuendelea juu ya nyingine. Shehena lazima iinuliwe na kuhamishwa. Tayari shehena inayoletwa na reli pana hadi Naivasha huhamishiwa reli ya mita ili kufika Malaba kwa treni. Yaani treni inayoifikia Malaba ni ile ya reli inayoitwa ya zamani. Kesho shehena ya Gulu inayoelekea baharini huenda ikahitaji kuhamishwa Tororo. Palipo na kuhamisha shehena pana yadi, maghala, kazi, ardhi inayotwaliwa, malori yanayosubiri na mama lishe wanaowauzia chakula madereva. Mpango wa mji wa Tororo hauwezi kuandikwa bila kujua yadi hiyo itakuwa wapi, na swali hilo haliwezi kuulizwa vizuri kwa istilahi isiyotaja upana.

4.3 Jina moja, mifumo miwili

Jina hilohilo linafunika tofauti ya nishati. Reli mpya ya Kenya ilianza kazi kwa vichwa vya dizeli. Ya Tanzania, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, inatumia umeme, na ya Uganda imepangwa kutumia umeme. Zote tatu ni "reli ya kisasa". Reli ya Kenya ikifika Malaba bila umeme, upana utalingana lakini kichwa cha treni kitabadilishwa mpakani. Mshauri wa sera anayesoma katika muhtasari wa Kiswahili kwamba "reli ya kisasa ya Kenya itaungana na reli ya kisasa ya Uganda" hataona kwamba kuna jambo la kujadiliana, kwa kuwa maneno yanafanana pande zote mbili.

4.4 Reli ya mji

Kinachopotea zaidi katika mgawanyo wa kisasa na zamani ni usafiri wa mjini. Mifano ya karibu inaonyesha kwamba treni za abiria wa mijini zimetegemea sana njia zilizokuwapo. Treni ya Kampala hadi Namanve, iliyorejeshwa mwaka 2015, inapita juu ya reli ya mita. Treni ya mjini Dar es Salaam ya mwaka 2012 nayo ilipita juu ya reli zilizokuwapo. Nairobi, abiria wa reli mpya hushukia Syokimau, mbali na katikati ya jiji, na treni inayompeleka mjini hutumia reli ya mita. Reli ya zamani ndiyo inayomfikisha abiria wa reli ya kisasa anakokwenda.

Malaba, Tororo na Nagongera zimeunganishwa na njia ya namna hiyo. Miji hiyo inapanuka. Wanafunzi, walimu, wafanyakazi wa viwandani na wachuuzi husafiri humo kila siku. Kama njia hiyo inaweza kuwabeba ni suala la wahandisi na wachumi, na majibu yanaweza kuwa ndiyo au hapana. Lakini swali halitaulizwa iwapo njia imekwisha kuandikwa katika kumbukumbu kama masalia yanayongoja kurithiwa. Busia, isiyo na reli yoyote, ina swali lake: shehena ikihama barabarani, mji uliojengwa na malori utaishi kwa nini? Mwaka 2020, foleni za malori zilipokuwa ndefu Busia na Malaba kwa sababu ya vipimo vya UVIKO-19, wengi walitaja reli kama dawa. Foleni hiyohiyo, katika miaka ya kawaida, ni soko. Istilahi ya "kisasa" haina nafasi ya kumweka mtu anayepoteza kwa sababu ya maendeleo.

5.0 Lugha ya Fidia

Athari ya istilahi inakuwa nzito zaidi pale reli inapogusa shamba. Ibara ya 26 ya Katiba ya Uganda inataka mtu alipwe fidia ya haki na ya kutosha, bila kuchelewa, kabla mali yake haijachukuliwa. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Uganda, katika kesi iliyoihusu Mamlaka ya Barabara ya Taifa, ilithibitisha kwamba kifungu cha sheria kinachoruhusu kuchukua ardhi kabla ya kulipa kinakwenda kinyume na Katiba. Ibara ya 40 ya Katiba ya Kenya inataka fidia ya haki ilipwe bila kuchelewa na kwa ukamilifu, lakini haina lile neno la utangulizi, "kabla".

Kwa mkazi wa Busia anayesikiliza redio za pande zote mbili, matamko yote mawili humfikia kama "fidia ya haki, bila kuchelewa". "Bila kuchelewa" haisemi kitu gani kinatangulia kingine. Mtu anaweza kulipwa bila kuchelewa sana baada ya nyumba yake kubomolewa. Neno "kabla" ndilo linalobeba haki ya mwananchi wa Uganda, na ndilo rahisi kudondoka katika muhtasari wa Kiswahili wenye haraka. Kanuni za tathmini ya athari za mazingira za Kenya za mwaka 2003 zinataka miradi itangazwe redioni kwa lugha rasmi na za wenyeji. Sharti hilo ni zuri, lakini linadhibiti lugha gani itumike bila kudhibiti kama kilichosemwa ndicho kilichoandikwa.

Istilahi nyingine ni "waathiriwa wa mradi", itumikayo mara nyingi kwa watu ambao ardhi yao inatwaliwa. Kisarufi, umbo la kutendwa linamfanya mwenye mali kuwa mpokeaji wa tendo, na katika matumizi ya kawaida mwathiriwa ni mtu wa mafuriko au ajali, anayestahili huruma na msaada. Katiba hazimzungumzii mtu huyo. Zinamzungumzia mwenye haki ya kudai. Tororo, ambako ardhi nyingi hushikiliwa kimila na ukoo au familia, tofauti hii ina uzito: "mwathiriwa" huorodheshwa mmojammoja, ilhali wenye haki juu ya shamba moja wanaweza kuwa mjane, watoto wake na ndugu wa marehemu kwa pamoja. Anayestahili huruma hupewa kinachopatikana. Anayestahili haki huulizwa anadai nini, na nani mwingine anadai pamoja naye.

6.0 Pingamizi Mbili

Pingamizi la kwanza ni kwamba "reli ya kisasa" imekwisha kukubalika, na kukubalika ni kigezo cha istilahi. Hili ni kweli, na makala haipendekezi jina hilo lifutwe katika mazungumzo au katika mabango ya stesheni. Abiria anayekata tiketi hahitaji milimita. Lakini istilahi inayofaa kwenye bango haifai kwa sababu hiyo tu katika tathmini, mkataba au fomu ya fidia. Daktari humwambia mgonjwa "homa", na katika cheti huandika jina la ugonjwa.

Pingamizi la pili ni kwamba reli hujengwa kwa fedha na chuma, na kwamba hakuna mkopo uliowahi kukataliwa kwa sababu ya istilahi. Hoja hii inapuuza mahali ambapo maamuzi huanzia. Kabla ya mkopo huwa kuna andiko linaloeleza tatizo. Na tatizo lililoelezwa kama "uzamani" lina suluhisho moja tu, yaani upya. Lingeelezwa kama tofauti ya upana, uchakavu wa mataruma, uhaba wa vichwa vya treni au umbali wa stesheni, kila moja lingekuwa na suluhisho lake na bei yake.

7.0 Hitimisho na Mapendekezo

Mjadala wa reli katika ukanda wa Busia na Tororo unaendeshwa kwa majina yanayosifu pale yalipotakiwa kueleza. Kwa nyaraka za sera, makala inapendekeza "reli pana" kwa upana wa milimita 1,435 na "reli ya mita" kwa upana wa milimita 1,000, kila moja ikifuatwa na nishati yake: reli pana ya umeme, reli pana ya dizeli, reli ya mita iliyokarabatiwa. Istilahi hizi ni fupi, zinatofautishika, na zinazalisha nyingine kwa urahisi. Badala ya "waathiriwa wa mradi", nyaraka za fidia zitumie "wenye haki ya fidia". Pale sheria ya Uganda inapofasiriwa, neno "kabla" liwekwe mwanzoni mwa sentensi: "Kabla ya ardhi kuchukuliwa, wenye haki watalipwa."

Kazi ya kusanifu faharasa hii haihitaji kungoja miji mikuu. Chuo Kikuu cha Busitema kina wahandisi katika kampasi yake kuu na huandaa walimu Nagongera, hatua chache kutoka reli ya mita. Wakishirikiana na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iliyoko Zanzibar, na kwa kuwashirikisha wazungumzaji wa Kisamia, Ateso na Kidhopadhola, wanaweza kuandaa faharasa ya reli kwa ajili ya mikutano ya wananchi pande zote mbili za mpaka. Kipimo cha mafanikio yake kitakuwa cha kawaida sana: kwamba mwenye kibanda Busia na mwenye shamba Nagongera watatoka mkutanoni wakijua ni reli gani inakuja, inasimama wapi, na wanadai nini kabla haijafika.